Kompyuta ya studio ya nyumbani isiyovuma: kuchagua kifaa kimoja kimoja

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, kila mwenye studio ya chumbani hapa Dar es Salaam ana utaratibu wake. Unazima kiyoyozi. Unazima feni ya dari. Unafunga dirisha ili kelele za kunguru na bodaboda zibaki nje. Unasokomeza kanga chini ya mlango. Unavaa hedifoni, unapandisha geini (kiasi cha kukuza sauti ya maiki), na hapo ndipo unaisikia: vvvvvv, kutoka chini ya meza.

Kuanzia dakika hiyo chumba kinaanza kuchemka. Mwezi wa pili, chumba kidogo chenye watu wawili na milango iliyofungwa kinavuka nyuzi 32 bila taabu. Feni za kompyuta zinahisi joto hilo na kuongeza mwendo, kwa hiyo mashine inapiga kelele zaidi wakati ule ule unapotaka inyamaze. Miongozo mingi ya kompyuta za kimya imeandikwa na watu wa nchi za baridi, nayo huanza na kasha lililobandikwa sponji ndani. Kwetu huku tuanze na joto. Kifaa kisichotoa joto hakihitaji feni ya haraka, na feni isiyo na haraka haisikiki. Uamuzi karibu wote hapa chini unatoka kwenye jambo hilo moja.

Hatua ya 1: Sikiliza na upime ulicho nacho

Usitoe hata shilingi kabla hujajua kelele inatoka wapi. Chukua karatasi ngumu, ikunje iwe bomba, tundu moja liweke sikioni na la pili ulitembeze polepole kuzunguka kompyuta inayofanya kazi: nyuma ilipo pawasaplai, ubavuni ilipo prosesa, mbele ilipo hadidiski. Sauti pana kama upepo ni ya feni. Mngurumo mzito unaosikika hata kwenye meza ni wa hadidiski. Ile inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutikisika mara 120 kwa sekunde, na meza ya mbao huupokea mtikisiko huo kama ngozi ya ngoma. Mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika ukiburuza dirisha kwenye skrini, ni wa koili za umeme za kadi ya grafiki au za pawasaplai.

Kisha rekodi ukimya. Maiki ikae mahali pake pa siku zote, geini iwe ile ile ya kuimbia, rekodi sekunde 30 bila mtu kuhema karibu. Baada ya hapo unatakiwa kurekodi tena kompyuta ikiwa imezimwa, na mara ya kwanza nilipofika hapa nilikaa nikijiuliza: imezimwa, sasa nani anarekodi? Azima laptopu ya mtu, ikalishe sebuleni, vuta waya wa USB mpaka kwenye intafesi ya sauti, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta. Linganisha wastani wa desibeli wa rekodi mbili hizo. Tofauti ikiwa chini ya desibeli 2, kompyuta yako haina kosa. Kelele ni ya mtaa, na pesa zako ni za mlango na dirisha. (Trei za mayai ukutani hazizuii kelele ya nje, hata zikipakwa rangi.) Ukitaka shabaha ya kulenga, ACX, jukwaa linalopokea vitabu vya sauti kwa ajili ya Audible, linataka kelele ya chumba isivuke desibeli −60.

Kuna watakaosema mvumo kidogo unamezwa na biti. Kwa sauti moja, sawa. Lakini panga waitikiaji, kama tunavyofanya kwenye Bongo Fleva au kaswida, na kila traki (rekodi moja moja ndani ya wimbo) inakuja na mvumo wake. Idadi ya traki ikiongezeka mara mbili, mvumo unapanda desibeli 3. Traki 8 ni desibeli 9 juu ya traki moja. Weka kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo), nyanyua sauti desibeli 8 nyingine, na ule mvumo wa chini ya meza sasa ni mwanachama wa bendi.

Hatua ya 2: Amua mashine itakaa wapi

Hili hutangulia ununuzi kwa sababu linabadilisha orodha nzima. Kama ukuta wa studio unapakana na korido au stoo, toboa tundu, pitisha nyaya, kompyuta ilale upande wa pili. Waya wa USB 2.0 unaruhusiwa kufika mita 5, na intafesi nyingi za chaneli mbili zinatumia USB 2.0. Skrini ya kawaida pia hufanya kazi vizuri kwa waya wa HDMI wa mita 5. Ukiweza hivyo, nunua kompyuta yoyote yenye nguvu unayoimudu na uache kusoma hapa, ila weka komeo kwenye hiyo stoo. Watoto wanapenda taa za kompyuta.

Kama lazima ikae chumbani, iweke mbali kadiri inavyowezekana. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Ndani ya chumba kidogo faida ni ndogo zaidi kwa sababu kuta zinarudisha, lakini ipo. Ishushe kutoka mezani iwe sakafuni, juu ya kipande cha mpira au zulia nene, isiguse mguu wa meza. Maiki za kadioidi hazisikii vizuri upande wa mgongo, hivyo geuza mgongo wa maiki uelekee kompyuta, na nyuma ya mwimbaji tundika blanketi zito ili kelele isirudi kwa mlango wa mbele.

Hatua ya 3: Prosesa

Hapa ndipo watu wanapoharibu mapema kabisa, kwa kununua namba kubwa. Prosesa ya Core i9-14900K ya Intel inaruhusiwa kula hadi wati 253 inapokazana. Ryzen 9 7950X ya AMD inafika 230. Hizo ni pasi za umeme ndogo, nawe umezifungia chumbani na kuzima kiyoyozi. Ryzen 5 7600 yenye viini 6 (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) na Ryzen 7 7700 yenye viini 8 zina kikomo cha wati 88 tu, na Core i5-12400 ina 117. Kwa mtu anayerekodi sauti, anayetengeneza biti na kumiksi traki 40 au 60, yoyote kati ya hizo tatu inatosha.

Sababu ni namna programu za muziki zinavyofanya kazi. Plagini, yaani viprogramu vya kuchakata sauti, zilizopangwa kwenye traki moja, moja baada ya nyingine, zinasubiriana: kompresa haiwezi kuanza kabla ekolaiza haijamaliza. Foleni hiyo kwa kawaida hubebwa na kiini kimoja cha prosesa. Kwa hiyo kasi ya kiini kimoja ina uzito kuliko wingi wa viini, hasa unapoimba ukijisikiliza kupitia plagini. Ukiweka bafa (fungu la sauti linalochakatwa kwa mara moja) ya sampuli 128 kwa kiwango cha 48,000 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 2.7 tu kumaliza kila fungu. Viini 24 havikusaidii kama kile kimoja chenye traki yako kinatweta.

Angalia herufi za mwisho. Kwa Intel, F maana yake haina grafiki ya ndani: i5-12400 inayo, i5-12400F haina, na wauzaji wengi wanasukuma F kwa sababu bei yake ni ya chini. Kwa AMD, Ryzen 7000 za kompyuta za mezani zina grafiki ndogo ya ndani isipokuwa zenye F. Kwenye kizazi cha 5000 ni kinyume: 5600 na 5700X hazina, 5600G na 5700G zinazo. Kwa studio, chagua yenye grafiki. Utaona kwa nini sasa hivi.

Kama tayari una prosesa yenye njaa, usiiuze. Bodi (madabodi) nyingi za Ryzen zina Eco Mode, hali ya kubana umeme, ndani ya BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Iwashe, chagua wati 65. Utapoteza kasi kidogo kwenye kazi za viini vyote, na kwenye kuimba hutagundua.

Hatua ya 4: Kadi ya grafiki, kwa kifupi

Usiweke. Programu ya muziki haihitaji, na kadi inaleta feni mbili au tatu, joto, na ule mlio wa mbu. Kama unahariri pia video za harusi au za YouTube kwenye mashine hiyo hiyo, tafuta kadi ya wati chache ambayo feni zake husimama kabisa ikiwa haina kazi. RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70 na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Soma vizuri sanduku: kadi moja ya jina lile lile, mtengenezaji mmoja husimamisha feni, mwingine hasimamishi.

Hatua ya 5: Kipoza prosesa na feni

Kipoza chochote cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Majaribio unayoyaona YouTube mengi hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Chumba chako kikiwa na 33, ongeza tofauti hiyo yote juu ya namba wanayokuonyesha. Ndiyo maana hununui kipoza kinachotosha. Unanunua kinachozidi, kisha unakiendesha polepole.

Kelele ya feni haipandi kwa ulaini. Mwendo ukipungua nusu, kelele hushuka takribani desibeli 15, na hewa inayopita hupungua nusu tu. Piga hesabu: feni mbili zinazokwenda nusu mwendo zinapitisha karibu hewa ile ile ya feni moja iliyokazana, kwa kelele iliyo chini kwa desibeli 12 hivi. Hapo ndipo ilipo siri yote ya kompyuta za kimya: chuma kikubwa, feni kubwa na nyingi kidogo, mizunguko 500 hadi 800 kwa dakika. Feni ya milimita 140 kabla ya ya 120. Ya 80 usiilete nyumbani.

Kwa prosesa ya wati 88, Thermalright Peerless Assassin 120 SE yenye minara miwili na feni mbili inatosha na ziada, kwa bei ya kibinadamu. Noctua ya Austria ina NH-U12S na NH-D15. Ni ghali, lakini ukibadilisha bodi miaka mingi baadaye kampuni ina desturi ya kutoa vishikizo vipya vya kipoza cha zamani. Pima kimo kabla ya kulipa: Peerless Assassin SE ina milimita 155, NH-U12S 158, NH-D15 165. Kasha jembamba halifungi.

Vipoza vya maji sivipendi kwa studio. Vina pampu isiyopumzika, na mlio wa pampu una noti yake. Sikio hustahimili upepo kuliko noti, kwa sababu noti inaweza kugombana na ufunguo wa wimbo.

Feni zote ziwe za pini nne, zile ambazo mwendo wake unaongozwa na bodi. Epuka feni zinazoitwa za slivu (ekseli yake huzunguka ndani ya bushi yenye mafuta) kwa kasha litakalokaa kwenye vumbi na joto. Mafuta yake hukauka, kisha huanza kukereketa. Nilishanunua sita za taa za rangi kwenye duka moja Kariakoo kwa sababu zilikuwa za kufunga macho. Miezi minne baadaye mbili zilikuwa zinakoroma, na zote sita hazikuwa na njia ya kupunguzwa mwendo.

Hatua ya 6: Kasha

Makasha ya kimya yanayosifiwa, kama Define 7 ya Fractal Design ya Sweden, yana mlango uliofungwa na kuta zenye kitambaa kizito. Ulaya ni mazuri sana. Kwetu, mlango uliofungwa unabana hewa, prosesa inapanda, feni zinaongeza mwendo, na sponji inajaribu kuziba kelele iliyosababishwa na sponji. Mimi nachukua kasha lenye uso wa wavu, lenye nafasi ya feni mbili za 140 mbele na moja nyuma. Katikati ya njia hizo mbili kuna Silent Base 802 ya be quiet! ya Ujerumani, inayokuja na uso wa kufunga na uso wa wavu, unabadilisha mwenyewe.

Jambo ambalo haliandikwi sana ni vumbi. Kasha lazima liwe na chujio mbele na chini, linalochomoka kwa mkono bila bisibisi. Kama kulisafisha kunahitaji kulaza mashine na kufungua skrubu nane, hutalisafisha. Na ukikaa Tanga, Unguja au Mombasa karibu na bahari, upepo wa chumvi unakula chuma kibichi, kwa hiyo kagua kwamba rangi ya kasha imefika mpaka kwenye kona za ndani.

Mwenye bajeti ndogo ataniuliza kuhusu zile kompyuta za ofisini zilizotumika, OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP. Kwa bei yake ni nzuri. Ila nyingi zina pawasaplai na plagi za feni za umbo lao wenyewe, hivyo huwezi kubadilisha unavyotaka. Chukua yenye kasha kubwa kidogo, ng'oa hadidiski uweke SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), safisha, badilisha krimu ya joto, na uipeleke mbali na maiki. Na mtangazaji wa podikasti au mwimbaji asiyetumia plagini nyingi anaweza kukwepa habari hii yote kwa MacBook Air: tangu ile ya M1 ya mwaka 2020 haina feni kabisa. Kwenye joto itapunguza kasi, lakini haitapumua kwenye maiki yako.

Hatua ya 7: Pawasaplai, UPS na ethi

Kompyuta tuliyoipanga hapa, bila kadi ya grafiki, mara nyingi haitavuka wati 150 hata ikifanya kazi. Nunua pawasaplai ya wati 550 au 650 yenye alama ya 80 Plus Gold, na hakikisha ina hali ya kusimamisha feni mzigo ukiwa mdogo. Seasonic na Corsair wanazo. Usidanganyike na boksi jepesi lililoandikwa wati 700 kwa bei ya chipsi kuku. Linyanyue tu mkononi, uzito utakuambia.

Tumia UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) yenye kisawazisha volti, maana umeme wa kupanda na kushuka huchosha vifaa kabla haujakatika. Iwe ya wimbi safi la sain ukimudu. Pawasaplai za kisasa zikilishwa wimbi la ngazi-ngazi baadhi huanza kuunguruma, na chache hujizima kabisa. UPS nyingine zina feni, kwa hiyo iwashe dukani uisikilize. Tafuta pia kitufe cha kunyamazisha kengele. Nina ubeti mzuri sana wa dada mmoja, alioimba mara moja tu kwa hisia zile, na katikati yake kuna "pii, pii, pii".

Ethi ni lazima. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika hata feni zikisimama, huo si wa feni. Ni umeme wa 50 Hz na ndugu zake wa 100 na 150 umeingia kwenye nyaya za sauti. Chomeka kompyuta, intafesi na spika kwenye ekstensheni moja yenye ethi, inayotoka kwenye soketi moja. Kuna mafundi watakaokushauri ukate waya wa ethi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha, na siku moja kasha litakupiga shoti. Ita fundi umeme aliyesomea apime ethi ya nyumba.

Hatua ya 8: SSD, RAM na madabodi

SSD zote hazina sauti, basi gombania ukubwa na jina. Traki moja yenye ubora wa biti 24 (si biti ya muziki) na sampuli 48,000 kwa sekunde inakula MB 8.64 kwa dakika, kwa hiyo rekodi zenyewe ni ndogo. Kinachojaza diski ni maktaba za ala. TB 1 ya M.2, SSD ndogo inayochomekwa kwenye bodi yenyewe, ni mwanzo mzuri. Hadidiski ya nakala za akiba iwe ya nje, na uichomoe ukirekodi.

RAM GB 16 inatosha kwa sauti na biti, 32 kwa anayetumia ala kubwa za okestra. Nunua vipande viwili vinavyofanana.

Bodi iwe na angalau matundu manne ya feni yanayoongozwa kutoka BIOS, na isiwe na feni yake yenyewe. Bodi nyingi za AMD zenye chipu ya X570 zilikuwa na kifeni kidogo juu ya chipu hiyo, kero tupu, zenye B550 hazina.

Hatua ya 9: Zifundishe feni

Ukishafunga, ingia BIOS kwenye ukurasa wa feni. Panga hivi: chini ya nyuzi 65, feni zote zitulie kwenye mwendo mmoja wa chini, tuseme mizunguko 600. Kati ya 65 na 80 zipande polepole mpaka 900. Juu ya 85 ndiyo ziachiwe. Watu huingiwa na hofu wakiona 75, lakini Ryzen 7000 imeundwa kufanya kazi hadi 95, na i5-12400 hadi 100. Kama bodi ina kipengele cha kuchelewesha mabadiliko, weka sekunde kadhaa, ili feni zisirukeruke kila plagini inapofunguka. Kelele inayopanda na kushuka huudhi kuliko iliyotulia, na huwezi kuisafisha baadaye kwa programu.

Tembeza kila feni kutoka mwendo wa chini kwenda juu huku ukisikiliza kwa lile bomba la karatasi. Nyingi zina mwendo fulani zinapopiga mluzi. Uruke mwendo huo.

Kwenye Windows, chagua mpango wa umeme wa utendaji wa juu, zima ile ruhusa ya kulaza vifaa vya USB, kisha acha LatencyMon, programu inayoonyesha kinachoichelewesha sauti, ifanye kazi dakika kumi. Ukiona mistari myekundu, mtuhumiwa wa kwanza huwa ni dreva ya Wi-Fi. Izime unaporekodi, simu ipo kwa ajili ya WhatsApp.

Hatua ya 10: Pima tena, katika joto

Usipime asubuhi. Subiri saa nane mchana, funga kila kitu, zima kiyoyozi, fungua mradi wako mzito kuliko yote, uache ukicheza kwa dakika 40. Ndipo urekodi zile sekunde 30 za ukimya, kwa geini ile ile ya hatua ya kwanza. Namba utakayoipata iandike kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha selotepu, ukibandike ndani ya mlango wa kasha pamoja na tarehe.

Kila mwanzo wa mwezi natoa chujio, nalisuuza bombani, nalianika barazani mpaka likauke kabisa, nalirudisha na kupima tena. Ikizidi namba ya selotepu kwa desibeli 3, najua kuna feni imeanza kuchoka, nachukua bomba langu la karatasi.